Johann Ludwig Krapf: Mhudumu Aliyeondoka Kabla ya Mavuno

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa historia ya Kiswahili hukutana na jina la Johann Ludwig Krapf mapema. Hutajwa kwa sababu ya kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, hutajwa tena kwa sababu ya mlima wenye theluji aliouona mwaka 1849, kisha huwekwa kando. Wapo wanaomsifu kupita kiasi kana kwamba Kiswahili kilizaliwa siku aliyotia nanga Mombasa, na wapo wanaomtupilia mbali kwa hoja kwamba aliwatangulia wakoloni. Makala haya hayakusudii kuchukua upande wowote kati ya hizo mbili. Yanakusudia kuyasimulia maisha yake kwa kuongozwa na swali moja: mtu huyu aliyekuja ili kuwahudumia watu wa pwani na wa Ukambani, alishindwa katika lipi, na ni lipi lililofaulu hata baada ya yeye kuondoka?

Swali hili si la wanahistoria peke yao. Chukua mfano wa Masii, mji wa soko katika kaunti ya Machakos. Huko, kama kwingineko Ukambani, kanisa halitazamwi kuwa mahali pa sala tu. Shule kadha wa kadha katika sehemu hizo zilianzishwa au hufadhiliwa na makanisa. Mvua inapokosekana misimu miwili mfululizo, waumini hutarajiwa kumkumbuka jirani asiye na chakula, awe wa dhehebu lao au asiwe. Jambo hilo limezoeleka kiasi kwamba ni vigumu kulifikiria kuwa lina chanzo. Hata hivyo, lilipojaribiwa kwa mara ya kwanza katika nchi ya Wakamba, mnamo mwaka 1851, halikudumu hata miezi mitatu. Aliyelijaribu ni Krapf.

Ujana na wito

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima mwenye kujimudu. Akiwa mtoto wa miaka 11 hivi alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa muda mrefu. Katika kipindi hicho cha kulala kitandani alizoea kusoma Biblia, hasa masimulizi ya Agano la Kale, na huko ndiko mapenzi yake ya vitabu yalikoanzia. Aliposomeshwa Tübingen alionyesha kipawa kikubwa cha lugha: Kilatini, Kigiriki, Kiebrania na lugha za kisasa za Ulaya alizipata bila taabu nyingi. Aidha, alivutiwa mno na ramani, na zaidi ya yote na sehemu za ramani ya Afrika ya Mashariki ambazo wachoraji walikuwa wameziacha wazi.

Alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel mwaka 1827, akatoka, akatumikia kanisa kwao kwa muda, kisha akarejea kwenye nia yake ya kwanza. Mwaka 1837 alisafiri kwenda Uhabeshi, yaani Ethiopia, akitumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Wamisionari walifukuzwa Adwa mwaka 1838, naye Krapf akaelekea Shoa, alikokaa kuanzia mwaka 1839 hadi 1842. Huko alijifunza lugha ya Waoromo na kuanza kuitafsiria sehemu za Injili. Aliamini kwamba Waoromo wangeweza kuwa mlango wa Ukristo katika Afrika yote ya Mashariki. Njia ya Shoa ilipofungwa, alifikiri kuwafikia kutoka kusini, kwa njia ya pwani ya Waswahili. Kwa hiyo Krapf hakuja Mombasa kwa sababu ya Mombasa. Alikuja akitafuta njia ya kwenda kwingine, na tabia hii ya kutazama mbele ya pale alipo haikumwacha maisha yake yote.

Mombasa: msiba na lugha

Alifika Unguja mwanzoni mwa mwaka 1844 akiwa na mkewe, Rosine Dietrich, waliyeoana Misri mwaka 1842. Seyyid Said bin Sultan alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Mei mwaka huo wawili hao walifanya maskani yao Mombasa. Haukupita muda ila homa iliwashika wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike mwezi Julai, na siku chache baadaye, tarehe 13, akafariki. Mtoto naye hakuishi. Mama na mwana walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, na Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa hata kusimama. Alipopata nguvu za kushika kalamu aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo lichukuliwe kuwa alama ya mwanzo wa kazi, si ya mwisho wake.

Jambo la kustaajabisha kwa msomaji wa leo ni kwamba kazi ya lugha haikusimama. Hata kabla ya msiba, mwezi Juni, alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidin, mtu wa asili ya Barawa. Tulitafakari jambo hili kwa makini. Mmisionari wa Kikristo aliketi na kadhi wa Kiislamu kutafsiri kitabu ambacho masimulizi yake mengi yalikuwa yakijulikana kwa wote wawili. Kila mmoja alibaki katika dini yake, na kilichotoka mikononi mwao kilikuwa mali ya lugha. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki. Anayedai kwamba Krapf aliandika Kiswahili peke yake anamnyima haki kadhi huyo, pamoja na Waswahili wengine wengi ambao majina yao hayakuhifadhiwa.

Rabai: ushirika wa watu wawili

Mwezi Juni mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, naye akiwa Mjerumani wa kusini kama yeye. Tarehe 25 Agosti mwaka huo walihamia Rabai Mpya, juu ya vilima nyuma ya Mombasa, baada ya wazee wa Rabai kuwaruhusu kujenga. Watu wa huko walikuwa wakiitwa Wanyika na watu wa pwani. Leo wanajiita Mijikenda, jina wanalolichagua wenyewe. Siku ya kuhama, wote wawili walikuwa na homa.

Matumaini ya Krapf yalikuwa makubwa. Alikuwa na ndoto ya kujenga mnyororo wa vituo vya misheni kuanzia pwani ya mashariki hadi ile ya magharibi, kila kituo kikikishika mkono kinachofuata. Ukweli wa Rabai, hata hivyo, ulikuwa mwingine. Watu waliwapokea wageni kwa adabu, wakawasikiliza, kisha wakarudi kwenye mashamba yao na kwenye kaya zao. Waliwaona kuwa watu wenye dawa na vitabu, lakini hawakuona kwa nini waiache njia ya wazee wao. Katika maandishi yake Krapf aliwalaumu vikali, na baadhi ya hukumu zake juu ya mila zao haziwezi kukubalika leo. Hakutambua vya kutosha kwamba jamii aliyoikuta ilikuwa na utaratibu wake wa kumsaidia maskini, kumzika maiti na kupatanisha wagomvi. Mgeni anayetaka kuhudumia jamii hana budi kwanza kujua jinsi jamii hiyo inavyojihudumia.

Mtu wa kwanza aliyeyakubali mafundisho yao alikuwa Mringe, maskini aliyekuwa na ulemavu wa mwili. Mringe hakuwa mzee wa kaya wala tajiri wa ng'ombe. Alibatizwa akiwa karibu na kufa. Aliyefuata nyayo zake ni Abe Gunja, ambaye alifundishwa kwa miaka mingi kabla ya kubatizwa, wakati Krapf alipokwisha kuondoka na Rebmann amebaki peke yake. Baada ya takribani miaka saba ya kazi, huo ndio uliokuwa ushirika wa Rabai: mlemavu aliyefariki na mzee aliyekuwa bado akijifunza. Kwa hesabu ya mwanadamu ilikuwa hasara tupu. Mkazo wa makala haya ni kwamba hesabu hiyo ilifanywa mapema mno.

Ukambani: kumtegemea mkubwa mmoja

Rabai haikuwa mbali na Wakamba kama ramani inavyoonyesha. Wafanyabiashara wa Kikamba walikuwa wakishuka pwani na misafara mikubwa ya pembe za ndovu, na baadhi yao walikuwa wamefanya makazi karibu na Rabai. Krapf alijifunza lugha yao, akawaona kuwa watu waendao mbali na wajuao njia. Ikiwa Waoromo walikuwa wamemponyoka, pengine Wakamba ndio wangekuwa daraja lake la kuingilia bara.

Safari ya kwanza aliifanya mnamo Novemba 1849. Alipita nyika kavu, akavuka hadi Kitui, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri aliyeogopwa na kuheshimiwa kotekote. Kivoi alimweleza habari za mlima mkubwa ulio na kitu cheupe kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipopisha, Krapf aliuona kwa macho yake. Wakamba waliuita Kiinyaa. Yeye aliandika Kenia, na kwa njia hiyo matamshi ya Wakamba yakawa msingi wa jina la nchi nzima. Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro mwaka uliotangulia. Huko London walikuwapo wajuzi wa jiografia, mmojawapo akiwa Desborough Cooley, waliokana katakata kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta. Miaka ilipita kabla ya ushahidi wa hao wawili kukubalika.

Mwaka 1850 Krapf alikwenda Ulaya, na mwaka 1851 akarudi na wenzake wapya. Mmoja alikufa baada ya muda mfupi, mwingine akaacha kazi. Julai mwaka huo Krapf alianza safari ya pili ya Ukambani, na safari hii hakwenda kutazama. Alikwenda kuishi. Nia yake ilikuwa kuanzisha kituo Yatta, katika nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Machakos na Kitui, si mbali sana na Masii. Njiani msafara wake ulivamiwa na wanyang'anyi. Alipofika Yatta, wapagazi walimwacha, na kibanda alichoanza kujenga hakikutosha hata kumkinga. Alikuwa peke yake, hana mwenzi wa kumsaidia kujenga wala mwanafunzi wa kumfundisha.

Akaamua kumwendea tena Kivoi. Huu ndio uliokuwa uamuzi wa kuponza. Kwa mtu aliyetaka msaada wa haraka, Kivoi alikuwa chaguo la busara: alikuwa na watu, silaha, jina na ujuzi wa njia. Kwa mtu aliyetaka kuwahudumia Wakamba kwa ujumla, kumtegemea yeye peke yake kulikuwa ni kuegemea mti mmoja katika dhoruba. Mwezi Agosti walifuatana kuelekea mto Tana. Karibu na mto walishambuliwa ghafla, watu wakatawanyika, na Kivoi akauawa pamoja na baadhi ya wafuasi wake.

Krapf alijikuta peke yake msituni bila chakula. Kiu ilipomzidi aliufikia mto, na kwa kukosa kibuyu aliyajaza maji katika mitutu ya bunduki yake na katika ala ya darubini, akaziba kwa majani na kitambaa, akatembea usiku na kujificha mchana. Alipofika kwa watu wa Kivoi hakukuta faraja. Jamaa walimlaumu kwa kunusurika ilhali mwenyeji wake ameuawa, na mali yake ikachukuliwa. Alihofia maisha yake, akatoroka usiku, akarejea Yatta kwa taabu, na kutoka huko akarudi Rabai akiwa amechoka mwili na roho. Kituo cha Yatta kikawa kimekufa kabla ya kuzaliwa.

Yamkini hapa ndipo penye fundisho kuu la maisha ya Krapf, ingawa yeye mwenyewe alililaumu zaidi eneo na nyakati. Kivoi alipoanguka, kila kitu kilianguka naye, kwa kuwa hapakuwa na kundi la watu, hata wawili au watatu, ambao kazi hiyo ilikuwa yao. Rabai palikuwa na Mringe na Abe Gunja, watu wasio na nguvu. Ukambani palikuwa na Kivoi, mwenye nguvu zote. Historia iliamua tofauti na matarajio.

Kazi ya lugha

Krapf aliondoka Afrika ya Mashariki mwaka 1853, afya yake ikiwa imevunjika. Haikosi kutajwa kwamba mtu huyu aliyeshindwa kuanzisha kituo Ukambani ndiye aliyewapa Wakamba kitabu cha kwanza kilichochapishwa katika lugha yao. Injili ya Marko kwa Kikamba ilitoka Tübingen mwaka 1850. Mwaka huohuo alichapisha sarufi fupi ya Kiswahili, na pia msamiati wa lugha sita: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Msamiati huo ulitoa ushahidi wa wazi kwamba lugha za Kibantu za eneo hili ni ndugu, na kwamba Kiswahili ni mmoja wa ndugu hao, si mgeni aliyeletwa na merikebu.

Aidha, Krapf alikusanya miswada ya tenzi za kale iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Mwaka 1854 miswada hiyo, ukiwamo ule wa utenzi wa vita vya Tambuka unaojulikana pia kama Chuo cha Herkal, ilifika mikononi mwa jumuiya ya wataalamu wa lugha za Mashariki nchini Ujerumani. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanaweza kutoridhika kwamba mali hiyo ilitoka pwani. Hata hivyo, ni vigumu kukana kwamba kuhifadhiwa kwake kumewanufaisha wasomi wa vizazi vilivyofuata.

Kamusi yake kubwa, yenye msingi wa Kimvita, ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Si kamusi ya maneno matupu. Ndani yake mna maelezo ya mavazi, vyakula, vyombo, mila na imani, kwa kuwa mwandishi aliamini kwamba neno halieleweki nje ya maisha ya wanaolitumia. Baadaye Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928, na kamusi ya Krapf ikabaki kuwa hazina ya watafiti badala ya chombo cha darasani. Mtafiti wa Kimvita cha karne ya 19 hana budi kuirudia.

Baada ya Krapf: Rabai inaanza kuhudumu

Tugeukie sasa ule ushirika mdogo tuliouacha mlimani. Rebmann alibaki Rabai na Mombasa hadi mwaka 1875, miaka 29 tangu kuwasili, akipoteza uwezo wa kuona hatua kwa hatua. Alipolazimika kurudi Ulaya, aliyemwongoza kipofu huyo baharini hadi ng'ambo alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Hapo mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka: aliyekuja kuhudumia sasa alikuwa akihudumiwa, na mhudumu alikuwa mwana wa mzee yule ambaye kwa miaka mingi alikuwa karibu mwanafunzi pekee.

Tangu mwaka 1864 walikuwa wamekuja Waafrika waliowahi kuwa watumwa, wakakombolewa na kusomeshwa karibu na Bombay nchini India, akiwamo William Jones, Ishmael Semler na George David. Baada ya mkataba wa mwaka 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, kijiji cha Freretown kilianzishwa mwaka 1875 mkabala na kisiwa cha Mombasa ili kuwapokea waliookolewa majahazini. Watu hawa walitoka makabila mengi ya bara, Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na wengineo. Lugha iliyowaunganisha katika ibada, shuleni, harusini na mazishini ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo kazi iliyoanza kwa Krapf na kadhi wa Mombasa ilipata wenyewe.

Rabai nayo ilianza kupokea watu wa namna nyingine, yaani watoro waliokimbia mashamba ya pwani. Wakuu wa misheni huko London hawakupenda watoro wapokelewe, kwa sababu sheria ya pwani bado ilimtambua bwana kuwa mwenye mali, na ugomvi na wenye mashamba ungeihatarisha misheni yote. Waafrika wenyewe waliokuwa wakiongoza ushirika waliliona jambo hilo kwa jicho jingine. Walijua maana ya kufungwa. Mtoro alipofika usiku akiwa na njaa, walimpa chakula na mahali pa kulima. Watoro waliongezeka mwaka baada ya mwaka. Zaidi ya hayo, Fuladoyo, huko Ugiriamani, palitokea kijiji kingine cha watoro kilichoongozwa na Wakristo Waafrika bila mmisionari wa Kizungu kukaa nao.

Wenye mashamba walitishia kuvamia. Mambo yalifikia kilele mwaka 1888, na suluhisho likapatikana tarehe 1 Januari 1889, wakati George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa alipowalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika misheni za karibu na Mombasa wakapewa vyeti vya uhuru. Wengi wao walikuwa wa Rabai. Ni kweli kwamba fedha ilitoka kwa kampuni na kwamba kampuni ilikuwa na maslahi yake. Lakini fidia hiyo isingehitajika kama watu wa Rabai wasingekuwa wamewaficha na kuwalisha watoro hao kwa miaka mingi kinyume na maagizo. Jones, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wao, alikuwa amepewa ushemasi pamoja na Semler mwaka 1885, nao wakawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika nchi ambayo leo ni Kenya.

Krapf hakuyaona hayo yote. Baada ya kurudi Ujerumani alikaa Korntal, akaendelea kuandika. Mwaka 1862 alikuwa amefika tena pwani kwa muda, akamsaidia Thomas Wakefield na wenzake wa Kimethodisti kuanza kazi Ribe. Rebmann alikufa Korntal mwaka 1876, jirani na mwenzake wa zamani. Krapf alifariki hapohapo tarehe 26 Novemba 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Ukambani baada yake

Karibu miaka 40 ilipita baada ya kifo cha Kivoi kabla ya wamisionari kurudi Ukambani kwa nia ya kukaa. Walutheri walifika Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890. Desemba 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walijenga kituo Nzaui, na baada ya muda vituo vingine vikafuata, kikiwamo cha Kangundo. Scott alikufa Desemba 1896, na ndani ya miaka michache wenzake wengi walikufa au kuondoka, huku njaa kali ya mwishoni mwa karne ikiwaangamiza Wakamba wengi. Kilichoiponya kazi hiyo hatimaye ni kwamba Wakamba wenyewe waliichukua. Walimu wa Kikamba walienda vijijini, wakafundisha kusoma, wakaanzisha madarasa chini ya miti. Zaidi ya hayo, waumini walikuwa na mfano wa kuiga kutoka kwa wazazi wao: mwethya, ule utaratibu wa majirani kukusanyika kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Kanisa halikuwafundisha Wakamba kusaidiana. Lilipojifunza kusaidiana kwa namna ya Wakamba ndipo lilipopata mizizi.

Hitimisho

Tumeona kwamba Krapf alikuwa mtu wa ujasiri usio wa kawaida, mwenye kipawa cha lugha na uvumilivu wa misiba, lakini mwenye haraka ya kuvuka mahali alipo. Alipotegemea mkubwa mmoja, kazi yake ilikufa siku moja na mkubwa huyo. Alipomfundisha mlemavu na mzee mmoja bila kutazamia mengi, alipanda mbegu iliyokuja kuwahifadhi watu zaidi ya elfu moja. Kati ya mambo hayo mawili paliwekwa lugha, ambayo aliijifunza kutoka kwa wenyewe na kuwarudishia katika maandishi.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, maisha yake yanadai jambo moja zaidi. Tunapoandika juu ya mchango wa wageni katika lugha hii, tusikomee kwenye majina yaliyo juu ya majalada. Tumtafute pia kadhi aliyekaa na mfasiri, msimulizi aliyetoa utenzi, na mkulima wa Rabai aliyemfungulia mtoro mlango na kumwuliza kwa Kiswahili ametoka wapi. Vijana wa Masii na wa kwingineko Ukambani wanaochota maji kwa ajili ya jirani mkongwe siku ya Jumamosi, kisha wakaimba kanisani kesho yake, ni warithi wa watu hao zaidi kuliko walivyo warithi wa Krapf. Kazi ya kuyakusanya majina na habari zao, kabla wazee wanaozikumbuka hawajatutoka, ingali inawangoja watafiti wetu.